Tamko la wanamuziki wa Ziba kuhusu nyimbo za kukopi

Sisi wanachama wa chama cha wanamuziki hapa Ziba, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, tumekaa na kukubaliana kutoa tamko hili kuhusu nyimbo za zamani zinazorudiwa na bendi, ma-DJ na vijana wa bongofleva pasipo kutajwa aliyezitunga.

Hatupingi kukopi. Wengi wetu gitaa tumejifunzia kwenye nyimbo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Tunachopinga ni wimbo kusafiri na mtunzi kuachwa njiani.

Mfano unaotuuma zaidi ni wimbo ambao watoto wetu wanaujua kwa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, pale Timon na Pumbaa wanapoimba habari za simba aliyelala. Ulitungwa na Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa kibarua katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, akaurekodi mwaka 1939 kwa jina la Mbube. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. The Weavers wakaurudia, The Tokens wakaupandisha hadi namba moja Marekani mwaka 1961, na mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Waliokuja kupata chochote ni binti zake, tena kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Kwa sheria hiyo Disney ilishtakiwa mwaka 2004, na Februari 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa. Yaani mkoloni, bila kukusudia, ndiye aliyemtetea Mzulu!

Kwa jirani zetu upo Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi. Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo wakaurudia, na mpaka leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim. Ubishi huo hatutaumaliza sisi. Ungekwisha zamani kama kungekuwa na karatasi.

Hapa kwetu mambo ni mabaya zaidi. Ukienda kibandani kuingiziwa nyimbo kwenye memori kadi, unarudi na faili lililoandikwa “Zilipendwa 3”, basi. Ilhali kwenye ngoma zetu manju hujitaja mwenyewe katikati ya wimbo, na anayeurudia hana budi kulitamka jina lile. Wazee walilijua hili kabla ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu.

Kwa hiyo tumeazimia: mwanachama atakayepiga kopi harusini au kwenye sherehe yoyote atamtaja mtunzi na bendi ya awali kabla gitaa halijalia. Asiyejua aulize. Anayetaka kurekodi upya apate kwanza ridhaa ya mtunzi au ya warithi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 bado zina mwenyewe.

Tunawaomba watangazaji wa redio wafanye vivyo hivyo. Na familia zenye santuri, kanda au madaftari ya nyimbo ya marehemu wao, msiyauze kwa bei ya karatasi za kufungia karanga. Yapelekeni COSOTA yasajiliwe, na anayeshindwa nauli au kujaza fomu aje kwa katibu wetu, tutamsaidia.

Limetolewa Ziba na Kamati Tendaji.