Mtoto Asiyekua Afikiwe na MRI

Mtoto wa Kiberege ambaye vipimo vya damu vimeonyesha upungufu wa homoni za tezi ya pituitari anastahili kupigwa picha ya MRI bila wazazi wake kuuza shamba. Tezi hiyo, kubwa kama punje ya njegere chini ya ubongo, ndiyo huongoza ukuaji na tezi nyingine mwilini. Kasoro yake ya kuzaliwa hujificha: sukari ya kichanga hushuka, manjano huchelewa kuisha, baadaye kimo hudumaa. Katika bonde la Kilombero, lenye malaria na utapiamlo, ni rahisi lawama kuishia kwa hayo mawili.

MRI huonyesha yale ambayo damu haisemi: tezi ndogo, kikonyo chembamba au kilichokatika, sehemu ya nyuma ya tezi isiyokaa mahali pake. Hapo daktari hujua kuwa homoni nyingine zinaweza kupungua miaka ijayo. CT haioni hayo vizuri, tena humpiga mtoto mionzi. Wapo watakaosema ugonjwa ni adimu na mashine ni ghali. Ni kweli, wala hatudai mashine kila kata. Tunadai rufaa ya mapema kwenda hospitali ya Muhimbili, huku haidrokotisoni, dawa inayookoa uhai, ikitolewa kwa anayeihitaji bila kusubiri picha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ilipitishwa 2023. Waliokabidhiwa utekelezaji wake waingize kipimo cha MRI, dawa za homoni na nauli ya mgonjwa kwenye kitita cha watoto, na kila zahanati ya Kilombero ielekezwe kupima kimo, si uzito pekee.