Mashine haijafa, acheni kuizika!

Kimya kimekuwa kirefu, kazi za huku mnazijua. Wanaosubiri picha za Jozi wasubiri kidogo, leo sina picha. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na nyinyi mnaosoma hapa.

Ugomvi ni juu ya neno moja: imekufa. Tangu mwaka huu uanze nimeletewa ujumbe wa namna hiyo mara nne. "Kaka, kompyuta imekufa, tufanyie mpango wa nyingine." Basi! Hakuna anayesema imekufaje. Feni ilizunguka au haikuzunguka? Ililia mlio wowote? Taa iliwaka? Kioo kiliandika kitu au kilikaa cheusi tu? Hamna. Imekufa, mazishi yameshapangwa, na rambirambi inatakiwa kutoka Johannesburg, ambako inaaminika laptop zinaota kwenye ile mijakaranda ya barabarani.

Jamani. Kompyuta haifi yote kwa mkupuo kama mtu. Lile ni boksi la vipande, na kinachoharibika ni kipande kimoja, mara nyingi cha bei ndogo. Nadhani hata jina tunaloliita linatuponza. Boksi zima tunaliita "sipiyu", wakati sipiyu yenyewe ni kidude kidogo cha kulala kwenye kiganja, kimejificha chini ya feni, na ni katika vitu vinavyoharibika kwa nadra sana mle ndani. Kwa hiyo fundi akisema "sipiyu imekufa", mwenye mali anasikia kila kitu kimekwenda, anakubali, anaanza kupiga simu kwa watu walio nje.

Binti ya shangazi anajua nitamtaja, nimemwomba ruhusa. Alikuwa na steshenari yake, anachapa mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi. Asubuhi moja baada ya umeme kukatika usiku, mashine haikuwaka. Fundi akaja, akabonyeza kitufe mara mbili, akasikiliza, akasema mazabodi imeungua. Dakika tano! Hakufungua hata skrubu moja. Kisha kwa huruma yake akajitolea kuichukua ile "maiti" kama skrepa, akatoa pesa kidogo, akaondoka nayo, diski ikiwa ndani. Ndani ya diski kulikuwa na hesabu za wateja za miaka minne na picha zote za msiba wa babu, zile ambazo hakuna mwingine aliyezipiga. Duka lilifungwa karibu miezi mitatu. Mpaka leo hakuna anayejua kilichoharibika, kwa sababu hakuna aliyepima.

Mimi nina ninachokidhania. Mashine iliyokuwa nzima jana, umeme ukakatika na kurudi, leo iko kimya kabisa, hakuna taa wala feni: mtu wa kwanza kumshuku ni pawa saplai. Umeme unaporudi, majokofu na mota za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, volti zinapanda na kushuka, na anayepokea kofi la kwanza ni yeye. Huku tumelijua hilo kwa maumivu. Afrika Kusini ilianza kukata umeme kwa zamu mwishoni mwa 2007, na Januari 2008 hata migodi mikubwa ya dhahabu ilisimama. Ikaja 2022 na 2023, kukatika mara mbili au tatu kwa siku likawa jambo la kawaida, hadi mgao uliposimamishwa Machi 2024 (umerudi vipande vipande mwaka 2025). Pale Yeoville, kwenye nyumba tuliyokaa Waswahili kadhaa, kila mgao ukiisha kulikuwa na mtu analalamika kitu chake hakiwaki. Kompyuta tatu zilizokuwa "zimekufa" zilifufuka kwa kubadilisha pawa saplai za mtumba kutoka Fordsburg.

Na nyumbani msijifanye ni habari ya mbali. Mgao wa 2006, Mtera ilipokauka, mnaukumbuka. Ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha, ndio kwanza juzi. Umeme ukikatika, CHOMOA. Si kuzima swichi ya mashine tu, chomoa waya ukutani, subiri umeme utulie ndipo uchomeke. Haligharimu senti.

Haya, sasa tuseme imegoma. Kabla ya kumwita mtu yeyote, kabla ya kunipigia mimi, chukua taa ya mezani uichomeke kwenye tundu lile lile la ukutani. Mnacheka? Nimewahi kusumbuliwa wiki nzima na ndugu mmoja ambaye ekstensheni yake ndiyo ilikuwa mbovu. Halafu badilisha ule waya mweusi wa nyuma, azima wa monita maana ni aina moja. Hapo nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo, hakikisha haijazimwa. Mashine nyingine za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230, na zilizokuja kwenye makontena kutoka Marekani huwa imewekwa 115. Ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlio na kunusa harufu, na hapo kweli utakuwa umemuua mtu.

Ikiwa feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi, hadithi ni nyingine kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi zinapoteketea bure. Feni zikizunguka na mashine inalia mlio mrefu unaojirudia, mara nyingi inakuambia memori haikai vizuri. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja kumaliza chaji iliyobaki, fungua ubavu, toa zile kadi za memori, futa meno yake kwa kitambaa kikavu kisafi, rudisha hadi vishikizo vya pembeni vilie ta! Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe nafasi. Huko pwani unyevu na chumvi ya hewa huweka kutu nyembamba kwenye meno hayo, basi mashine inagoma kwa sababu ya uchafu tu. Huku Jozi shida ni kinyume chake. Tuko juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na majira ya baridi, Juni hadi Agosti, hewa inakauka mpaka ukivua sweta linatoa cheche. Cheche hiyo hiyo inaua memori bila wewe kuiona. Kwa hiyo popote ulipo, shika kwanza chuma cha boksi kabla ya kugusa chochote ndani.

Betri je? Kuna betri ya duara kama sarafu kwenye mazabodi, imeandikwa CR2032, yaani upana milimita 20 na unene 3.2. Ikiisha, mashine inasahau tarehe, kila ukiwasha inarudi miaka ya nyuma. Na tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Mwenye mashine anasema intaneti imekufa, fundi anapiga Windows upya, siku mbili baadaye yale yale! Betri mpya ni bei ya soda mbili. Kupiga Windows upya imekuwa kama maji ya mchele, kila mgonjwa ananyweshwa. Tarehe imepotea, piga Windows. Inajizima baada ya dakika ishirini, piga Windows, kumbe feni imezibwa na vumbi na joto limezidi.

Mtasema nawachukia mafundi. Hapana, na hapa ndipo ugomvi wangu unaporudi kwenu. Nani anamlipa fundi kwa kupima? Akikaa saa nzima na mita yake, akachomoa kimoja kimoja, mwisho akasema "memori ilikuwa imelegea, nimeirudisha", tunamjibu nini? "Kumbe hujabadilisha kitu, nikulipe nini sasa?" Tunampa pesa ya maji na kumsindikiza. Lakini aliyekuja na boksi na kusema "nimekubadilishia mazabodi" tunamhesabia noti bila kinyongo. Basi fundi naye ana watoto, amejifunza. Anatafuta kitu cha kukuuzia, kwa sababu kujua kwake hakuna anayekununua. Waongo wale tumewafuga wenyewe.

Hospitali tumeshabadilika. Zamani kila homa ilikuwa malaria, unapewa dawa kwa macho. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mtu apimwe kwanza ndipo atibiwe, na leo hata bibi kijijini anauliza, "mmempima?" Anayelipia kidole kutobolewa, akaambiwa si malaria, hadai pesa yake irudi. Kwa nini kwa fundi wa kompyuta tudai? Kubalianeni bei ya kupima kabla hajafungua, mlipeni hata akikuta ni waya tu, na mwambieni apime mbele yenu. Pawa saplai ya kawaida ina rangi za nyaya: njano ni volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, na kila moja inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo njano ikisoma chini ya 11.4, umempata mwizi. Ila pawa saplai yenyewe msiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani mna kapasita zinazotunza umeme wa kutosha kumrusha mtu.

Na kweli, kuna siku mazabodi inakufa. Sikatai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye mashine za kampuni nyingi, na Dell peke yake mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 hivi kwa ajili ya kutengeneza na kubadilisha. Lakini hata kifo hicho kina alama: vile vikopo vidogo juu ya ubao vinavimba vichwa au kuvuja uchafu wa kahawia. Fundi anayesema mazabodi imekufa akuonyeshe, au aweke pawa saplai nzima na memori nzima mbele yako na mashine bado igome. Hapo nitaamini, na hapo pesa nitatuma bila kununa.

Diski haiondoki na mtu. Hata boksi zima likiwa bovu, diski ni skrubu nne na nyaya mbili, inatolewa, inachomekwa kwenye mashine nyingine, na picha za babu zinaonekana. Ikianza kugonga tik-tik-tik, usiiwashewashe, nakili vya muhimu mara moja au izime umpelekee anayejua. Na asiyekubali kukuachia diski yako, usimwachie mashine.

Nimempa mtu anayesafiri Ijumaa bisibisi ya nyota, mita ndogo na betri sita za CR2032, vitafikia kwa baba mdogo, mkagawane. Kuanzia sasa ujumbe wa "imekufa" sijibu. Niandikieni hivi: taa ya mezani iliwaka au haikuwaka kwenye tundu lile, feni zinazunguka au hazizunguki, milio mingapi na mirefu au mifupi, na picha ya ndani ya boksi iliyopigwa mchana. Shemeji wa Korogwe, wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni, ile yako inayojizima naomba uipulize vumbi leo jioni, uiache wazi ubavu nusu saa, kisha uniambie imekaa dakika ngapi.