Gauni la forodha

Wengi mnauliza mtapigaje pamba za majina makubwa bila kodi kuwamaliza. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa na sendofu, nami nikataka kutoka bomba. Nikaagiza gauni kwenye intaneti, duka moja la London, dola 400 pamoja na kusafirisha. Kwa kuwa mzigo unakwenda nje, duka likaniondolea VAT ya Uingereza, asilimia 20. Nilichekelea! Mume wangu nikamwambia ni "laki mbili na ushee".

Mzigo ulipotua Dar, wakala akapiga simu nikiwa bafuni. Akapokea mume. Tangu Julai 2022 ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una daraja la asilimia 35, na nguo zimo. Unapigwa kwenye bei, bima na nauli kwa pamoja, siyo bei ya duka peke yake. Kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo. Piga hesabu: 400 inakuwa 540, na 540 inakuwa dola 637 na senti 20, kabla ya tozo nyingine na chake wakala. Hela ikatoka kwenye akiba ya kodi ya nyumba. Tulinuniana wiki nzima, na wala hakununia ushuru. Alinunia ile "laki mbili".

Unafuu wa halali upo kule unakonunua, ukisafiri mwenyewe. Ukiwa Paris na huishi Umoja wa Ulaya, manunuzi ya zaidi ya Euro 100 duka moja yanakupa haki ya kurudishiwa VAT. Shati la Euro 600 lina Euro 100 za kodi ndani yake, ila kampuni inayorudisha inakata chake, usizitegemee zote. Dubai VAT ni asilimia 5 tu. Unaanzia dirham 250 kwenye duka lililojiunga na mpango huo, na unarudishiwa sehemu kubwa ya kodi, kasoro ada ndogo. London sahau: tangu 2021 msafiri anayebeba mwenyewe harudishiwi kitu.

Jamani, onyesheni pasi dukani, ombeni fomu hapo hapo, na uwanja wa ndege mpitie dawati la kodi KABLA ya kukabidhi mabegi. Shosti wangu alitanguliza begi, akabaki na fomu mkononi na nguo ndani ya ndege. Hakupata hata senti.

Ukirudi nyumbani, utasikia ushauri wa vijiweni: kata lebo, omba risiti ya bei ndogo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakuruhusu kuingia na nguo zako za kuvaa bila ushuru, sawa. Lakini magauni sita mapya ya saizi tofauti, utasema unavaa yote wewe? Na risiti feki ni kosa la jinai. Mzigo unaweza kutaifishwa, ukose gauni na hela.

Mimi siku hizi naangalia Nairobi na Kampala. Nguo iliyoshonwa ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti ya uasili haina ushuru wa forodha, VAT tu. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa. Mwambie mbunifu akuombee kabla hajatuma, maana bila cheti unahesabiwa kama umetoka London.

Lile gauni? Lilinibana kiunoni, na kulirudisha ni nauli nyingine. Mdogo wangu ndiye analivaa. Mume wangu kila akiliona anauliza, "Hilo la laki mbili, siyo?"