Kansa kubwa za uso: upasuaji upo, kuchelewa ndiko kunakoumiza

Kapata, Kolwezi. Kidonda huanza kidogo kama punje ya muhindi, kwenye shavu au sikio. Kinakauka, kinatoka damu, kinarudi. Miaka inapita, na mwenye nacho anaanza kufunika uso kwa kitambaa. Hivyo ndivyo kansa ya ngozi inavyokua, na katika Afrika yetu inawapata hasa ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ngozi yao inakosa rangi ya kuikinga na jua.

Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu, ndivyo jua linavyochoma zaidi. Hapa Kapata kazi nyingi ni za nje: kuosha madini, kuuza sokoni, kulima. Mwenye ualbino anayezifanya bila kofia wala mikono mirefu yuko hatarini kila siku.

Uvimbe ukizidi sentimita 5, upasuaji wake ni mkubwa. Daktari hukata uvimbe wote pamoja na ngozi kidogo ya pembeni, huangalia tezi za shingo, kisha huziba pengo kwa ngozi ya paja au ya paji la uso. Kansa ikifika kwenye jicho, jicho linaweza kuondolewa. Lakini kidonda cha sentimita 1 hukatwa kwa sindano ya ganzi tu, na mgonjwa hulala kwake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukubwa wa uvimbe mara nyingi ni kipimo cha kuchelewa. Franka hazipo, aibu ni nyingi, dawa za majani hujaribiwa kwanza, na hospitali kubwa za Lubumbashi ziko mbali, zaidi ya kilomita 300.

Tanzania imeonyesha njia nyingine. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayogawiwa bure kwa watu wenye ualbino, na ngozi zao huchunguzwa kabla kidonda hakijakua.

Lualaba, inayouzia dunia shaba na kobalti, haiwezi kushindwa kofia, mafuta na uchunguzi wa mara kwa mara. Nawe msomaji, ukiona kidonda cha uso kisichopona kwa mwezi mmoja, usingoje. Mpeleke mwenye nacho kwenye kituo cha afya.