Msimcheke Mtoto Anayetaka Kusoma Fizikia



Wiki iliyopita, hapa Maskati, mjukuu wangu alimwambia baba yake kuwa anataka kusoma fizikia chuoni. Baba mtu akacheka: "Fizikia itakulisha nini? Soma biashara." Nilinyamaza mezani, lakini usiku usingizi haukuja.

Mimi nilifundisha somo hilo miaka mingi, shule ya sekondari ya misheni kule Tanga. Tena nina dada yangu aliyepigwa eksirei ya titi, akaambiwa hana kitu. Mwaka uliofuata uvimbe ukaonekana, umeshakua. Eksirei ya kawaida hutenganisha vizuri mfupa na nyama. Lakini nyama na uvimbe hufanana mno.

Miale bora zaidi ipo. Taabu yake, hutoka kwenye mitambo mikubwa ajabu. Ule wa Grenoble, Ufaransa, mzunguko wake ni mita 844. Hospitali gani itauweka?

Ndipo wataalamu wakatafuta njia ya mkato. Elektroni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, kisha hukutanishwa uso kwa uso na mwanga wa leza. Darasani ningesema hivi: rusha mpira kwenye lori linalokujia mbio, utarudi kwa kasi kuliko ulivyoutupa. Mwanga nao hurudi na nguvu zaidi ya mara 10,000, ukawa eksirei. Na mashine yote inaenea chumbani! Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, kimekuwa nayo tangu 2015. Watafiti wake wamepiga picha matiti yaliyokatwa kwa sababu ya saratani, wakaona nyama laini kwa uwazi zaidi bila kuzidisha kiwango cha miale.

Sisemi kuwa dada yangu angeepushwa. Hii bado ni kazi ya utafiti, haijafika wodini. Ila siku itakapofika, fedha za kuinunua Ghuba hazitakosekana. Watakaokosekana ni watu wanaoijua. Tutaagiza mashine, halafu tuagize na wa kuiendesha?

Wala tusiseme mambo haya ni ya Wazungu tu. Jordan kuna mtambo wa SESAME, uliofunguliwa 2017. Iran, Misri, Uturuki, Pakistan na wengine wameuchangia, hata wale wasiosalimiana.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu. Harusi zetu tunazichangia bila kuulizana mara mbili. Basi kila jumuiya yetu, Maskati, Dubai hata London, imchangie karo mtoto mmoja tu wa sayansi. Mmoja si mzigo.

Na wewe mwanangu, najua unasoma ukurasa huu kila asubuhi. Karo ya mwaka wa kwanza nitaitoa mimi, kwenye kiinua mgongo changu. Mwache mtoto akasome.