Usichukue Mkopo wa Simu Kutembeza Watoto, Hasa Ukiwa Kericho ama Bomet

Shule zikifungwa, swali huwa ni moja tu: "Tunaenda wapi?" Mtoto anauliza akiwa amekaa mlangoni, na mzazi anajibu akiangalia simu. Anaangalia salio. Kama ni Desemba, bonasi ya chai iliyoingia Septemba ama Oktoba imeshalipa madeni ya duka, mbolea na karo, na salio lililobaki halichekeshi. Kidole kinateremka taratibu kwenye menyu mpaka pale pameandikwa "Mikopo."

Hapo ndipo ningependa usimame kidogo.

Najua ni ajabu kusoma hivi kwenye ukurasa wa kampuni ya pesa kwa simu. Sisi hupata kitu kila mara unapotuma, unapotoa na hata unapokopa. Tena mimi nilisomea uuzaji na matangazo, na kazi yangu ni kuandika zile jumbe za sikukuu zinazokuambia umfurahishe mtoto wako. Lakini mkopo wa simu una kazi yake: mtoto ameugua usiku, ng'ombe anahitaji daktari, umekwama barabarani. Siku ya kutembea na watoto haimo kwenye orodha hiyo, na sisemi hivi kwa kusikia.

Miaka miwili iliyopita nilikopa shilingi 6,000 kwa simu nikawachukua wapwa zangu wawili, wa miaka 7 na 10, tukaenda Nakuru kwa siku moja. Nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chipsi na kuku, soda mbili mbili, kuruka kwenye lile jumba la plastiki la kujazwa upepo, kupigwa picha. Saa kumi jioni nilikuwa nimebaki na pesa ya kurudi tu. Januari dada yangu akanipigia kuomba 3,000 amalizie sare na vitabu vya yule mkubwa. Nilikuwa bado nalipa mkopo. Nikamwambia, "Ngoja mwisho wa mwezi, dada." Kijana akakaa nyumbani siku tatu wenzake wakiwa darasani.

Na unajua wanachokumbuka kuhusu safari ile? Jumba la plastiki hata hawalitaji. Wanakumbuka mvua ya mawe iliyotupata tukirudi, tukiwa tumeshashuka kwenye matatu, tukakimbilia chini ya mabati ya kituo cha kuuzia majani chai. Kelele ilikuwa kubwa hata hatukuweza kusikizana. Ilipotulia wakatoka kuokota mawe na kuyatafuna. Mpaka leo mdogo akisikia radi ananiuliza, "Anko, twende tena pale?" Pale ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwa kogo wao, na hakuna kiingilio.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu matembezi ya huku huku, na nimeona tuna tatizo la ajabu. Watu hutoka Nairobi na hata Ulaya kuja kupiga picha kwenye mashamba ya chai, sisi tunawapakia watoto wetu kwenye gari kuwatoa. Mtoto wa Litein ama Mogogosiek anaweza kumaliza darasa la nane la zamani, ama sasa Gredi ya 9, akiwa ameona chai kila siku ya maisha yake na hajui lile jani la kijani hugeukaje kuwa kitu cheusi kwenye pakiti.

Basi anza hapo. Asubuhi nenda na watoto shambani kwako, ama kwa jirani aliyekubali, mchume majani mawili na kichipukizi, kikapu kidogo tu. Yatandazeni kwenye mkeka kivulini mpaka kesho yake yalegee. Kisha kila mtoto asugue fungu lake kati ya viganja mpaka jani lijikunje na maji yatoke. Mikono itakuwa na rangi siku mbili, wacha iwe. Yafunikeni kwa kitambaa chenye unyevu kwa saa mbili ama tatu, mkichungulia yakigeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Hapo ndipo watoto wangu hupiga kelele. Mwisho yakausheni kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka yavunjike mkiyashika. Chemsheni, wekeni maziwa, mnywe. Haitakuwa na nguvu kama ya kiwandani, ambako majani hukatwakatwa na mashine, lakini ni yao. Wakinywa waambie kwamba sehemu kubwa ya chai yetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na kwamba mnunuzi mkubwa ni Pakistan. Kijana wetu mdogo aliuliza kama watu wa Pakistan wanatujua. Sikuwa na jibu.

Hiyo ni siku mbili za kazi na furaha, na gharama yake ni sukari.

Mashamba makubwa ya kampuni ni mali ya watu. Usiingie kati ya mistari ya chai na watoto bila ruhusa, kwa sababu kuna dawa, kuna mashine za kuchuma, na kuna askari ambaye ana kazi ya kulinda. Barabara za wazi zinatosha kabisa. Ukitaka bustani ya miti ya Chagaik, ile iliyo kando ya bwawa, kilomita chache kutoka mji wa Kericho upande wa barabara ya Nakuru, uliza kwanza utaratibu wa kuingia kabla hujapanda gari na watoto wanne. Ilianzishwa na mkulima wa chai aliyeitwa Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na miti yake imekuwa mikubwa mno kwa watoto kuikumbatia, jambo ambalo bila shaka watajaribu.

Upande wa Bomet, mimi napenda mto Nyangores kuliko kitu chochote. Nje kidogo ya mji, karibu na hospitali ya Tenwek, una maporomoko, na hapo kuna mtambo wa umeme wa maji uliojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya hospitali hiyo. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba maji yakianguka taa inawaka wodini. Halafu kuna hadithi ya mto wenyewe. Nyangores unatoka msitu wa Mau, unapita Bomet, unakutana na Amala, na kutoka hapo unaitwa Mara. Ndiyo, ule Mara wa nyumbu. Maji yale yale ambayo mtoto wako ametupia kijiti yatapita Masai Mara, yatavuka mpaka kuingia Tanzania na kumwagika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Likizo ya Agosti ndio wakati nyumbu wanavuka kule chini. Watalii hulipa pesa nyingi kuwaona; ninyi mko juu ya mto huo huo na chapati kwenye mfuko. Tafadhali mshike mtoto mkono, mawe ya pale yanateleza, na msishuke chini mvua ikiwa imenyesha juu.

Kericho mjini unaweza kumaliza siku nzima kwa miguu. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lilitabarukiwa 2015 na linabeba watu wapatao 1,500. Ukiingia unaona jengo linapanuka na kuinuka kadiri unavyokaribia altare, na hata mtoto mtundu hunyamaza bila kuambiwa. Si lazima uwe Mkatoliki. Nenda siku isiyo na misa, ingieni polepole.

Halafu kuna gurudwara ya Masingasinga kando ya barabara kuu. Kericho ina historia nao: Baba Puran Singh aliishi hapa kabla ya kwenda Uingereza, na mpaka leo wafuasi wake huko Birmingham humwita Kerichowale, mtu wa Kericho. Katika kila gurudwara duniani kuna desturi ya kumpa chakula mgeni yeyote bila malipo, wote mkikaa pamoja. Vua viatu, funika kichwa, usiende na pombe wala sigara mfukoni. Hapa nina maoni makali: usiende kama mtu aliyegundua hoteli ya bure. Waambie watoto wamekaribishwa nyumbani kwa watu, na mkimaliza kula waulize kama kuna vyombo vya kusaidia kubeba. Kwa wale wapwa zangu, hilo la kubeba vyombo ndilo walilosimulia nyumbani.

Mkirudi kijijini, kuna mbio. Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kabisa kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964, alikuwa mtu wa Kericho. Pima barabara ya murram kwa hatua zako, weka saa ya simu, waache wakimbie. Siku ya mvua kuna maktaba ya umma Kericho. Na mvua ya huku mnaijua, huja baada ya chakula cha mchana, kwa hivyo tokeni mapema.

Sasa pesa, maana "bure" kamili ni nadra. Nauli ipo na tumbo lipo. Nikihesabu matembezi yangu yote, kiingilio ndicho kilichonila pesa kidogo zaidi. Zilizonimaliza ni zile za njiani: soda kwa sababu tulisahau maji, biskuti kwa sababu mtoto wa jirani kiti cha mbele anazo, bodaboda kwa sababu tulichelewa. Siku hizi nabeba maji, chai kwenye thamosi, mayai ya kuchemsha na mahindi. Pesa ya siku naiweka kando mapema kwenye akaunti ya akiba ya simu, shilingi 50 ama 100 kila wiki, na nikishaandika kiasi, mathalani 800, hicho ndicho tunacho. Nawaambia watoto wenyewe. Yule wa miaka 12 sasa ndiye mhasibu wetu, na ni mkali kuliko mimi.

Usitoe pesa kwa wakala mara tatu siku moja, kila mara unalipa ada. Angalia jedwali la ada: mara nyingi kutoa 200 na kutoa 2,000 hukatwa sawa. Toa mara moja ukitoka, hasa ya matatu na mama wa mahindi. Dukani penye namba ya till, lipa kwa till, kwa sababu mteja hakatwi, badala ya kutuma kwenye namba ya mwenye duka. Na ukimpa mtoto simu acheze njiani, hakikisha hajui PIN yako. Wanajua zaidi ya tunavyodhani.

Mama mmoja rafiki yangu alisoma rasimu ya makala hii akaniambia, "Ni rahisi kwako, wewe ni anko. Mimi ndiye ninayeona status za WhatsApp za wazazi wengine, watoto wao wako kwenye bwawa la kuogelea, na wangu anaona pia." Ni kweli, na sina dawa ya status. Nilimwambia tu kwamba picha haionyeshi nani alikopa. Akacheka, akasema hiyo niandike.

Jumamosi hii tunaenda Nyangores. Dada analeta chapati, mimi nauli, na mhasibu amesema bajeti ni 700 na soda haimo.