Wajenzi wa Liemba walivyoponzwa na wateja matajiri

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei ya gunia la mahindi mjini Sumbawanga, bei ya maharage na hali ya dagaa wa Kirando. Wiki hii tutazame chombo kinachobeba bidhaa hizo. Mkulima wa Msanzi hawezi kuuza mahindi ng'ambo ya ziwa, Zambia au Congo, mpaka kwanza awepo mtu aliyejenga chombo na mwingine aliyekilipia.

Hoja yangu ni moja. Fundi anayejenga chombo kwa fedha zake mwenyewe, akasubiri alipwe siku ya kukikabidhi, kwa kweli anamkopesha mteja wake bila riba. Mkopo huo unaweza kuua hata kampuni kubwa, na ushahidi ni kiwanda kilichotujengea Liemba.

Kiwanda hicho ni Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1795 kikijenga vyombo vya mbao, kama wafanyavyo mafundi wetu wa Kirando na Kasanga. Kutoka kizazi hadi kizazi cha familia ya Meyer, kilihamia kwenye chuma katika karne ya 19, wakati viwanda jirani viliposhikilia mbao na kufa kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1913 kilijenga meli kwa ajili ya utawala wa kikoloni wa Kijerumani katika Ziwa Tanganyika. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyezima vita vya Maji Maji kwa umwagaji mkubwa wa damu. Meli hiyo, yenye urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10, iliunganishwa, ikafunguliwa tena na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mzigo ulishushwa Dar es Salaam ukapelekwa Kigoma, ambako mafundi watatu kutoka kiwandani waliusimamia ukawa meli tena. Iliingia majini Februari 1915.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hili upande wetu wa kusini. Wengi wa wasomaji wetu wa Kipili, Wampembe na Kasanga wameipanda, au wamewahi kuisubiri usiku kucha na mizigo yao.

Kiwanda chenyewe hakikubaki kwenye meli za ziwani. Katika miaka ya 1980 kilipata mteja mzuri, Indonesia, nchi ya visiwa iliyohitaji meli za abiria wa kawaida. Ilijengewa zaidi ya 20. Mwaka 1986 kilikabidhi Homeric, meli ya watalii, na tangu hapo kikazama katika biashara ya anasa. Wateja wake wakawa makampuni kama Royal Caribbean, Norwegian Cruise Line, AIDA na Disney. Disney Wish, iliyokabidhiwa mwaka 2022, ina urefu wa mita 341, karibu mara tano ya Liemba.

Cha kuvutia kwa mtu wa biashara ni kwamba ufundi wa msingi unafanana na ule wa masanduku ya mwaka 1913. Meli ya anasa hujengwa kwa vipande vikubwa, kila kimoja na mabomba na nyaya zake, kisha huunganishwa ndani ya jengo lenye paa. Papenburg haipo baharini. Iko kando ya Mto Ems, na meli ikikamilika huvutwa polepole kuufuata mto, kilomita zaidi ya 30, hadi baharini.

Kwa sifa zote hizo, msomaji angedhani kiwanda kilikuwa kinaogelea katika fedha. Haikuwa hivyo. Kwa kawaida ya biashara hiyo, mteja hulipa kama asilimia 20 wakati meli inajengwa, na asilimia 80 siku ya kukabidhiwa. Sehemu iliyobaki mjenzi huitafuta benki. Ugonjwa wa Korona ulipofika mwaka 2020, utalii wa meli ulisimama na kazi ikacheleweshwa. Baadaye bei ya chuma na nishati ikapanda, lakini mikataba ya zamani ilikuwa na bei iliyofungwa. Kiwanda kilikuwa na kazi tele mkononi na bado kikakaribia kufilisika. Septemba 2024 serikali kuu ya Ujerumani na jimbo la Lower Saxony zililazimika kutoa kiasi cha Euro milioni 400 na kuchukua takriban asilimia 80 ya hisa. Familia iliyoshika kampuni kwa zaidi ya miaka 200 ikabaki na sehemu ndogo.

Sasa turudi mwambao wetu. Fundi mmoja wa boti Kirando aliniambia hivi: "Mwanangu, tajiri anakuja na kianzio cha mbao tu. Misumari, pamba ya kalafati na chakula cha vijana natafuta mimi."

Tupige hesabu ya mfano. Boti inauzwa Sh. milioni 12. Mteja anatoa asilimia 20, yaani Sh. milioni 2.4. Vifaa vinahitaji Sh. milioni 8, hivyo fundi anakopa Sh. milioni 5.6 kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kazi ikichukua miezi minne, riba ni Sh. milioni 2.24. Faida iliyokuwa Sh. milioni 4 inabaki Sh. milioni 1.76, kabla hajawalipa vijana wake. Vifaa vikipanda kwa robo, deni na riba vinaongezeka, na fundi anakabidhi boti nzuri kwa hasara ya zaidi ya Sh. milioni moja. Boti inayofuata ataijenga kwa mbao mbichi na misumari michache. Hasara ya fundi itahamia kwa abiria.

Wafanyabiashara watanijibu kuwa ukimpa fundi fedha zote atazila. Hofu hiyo ina msingi, na wengi wamelizwa. Lakini dawa yake ni kulipa kwa hatua. Kwa boti ile ile: Sh. milioni 4 mkuku unapolazwa, milioni 3 mataruma yakisimama, milioni 3 mbao za ubavuni zikikamilika, na milioni 2 za mwisho boti ikiingia majini bila kuvuja. Fundi hahitaji mkopeshaji, na mteja bado ameshika kitu. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe kwenye ofisi ya kijiji, na useme wazi nani atabeba ongezeko la bei ya vifaa.

Mabenki nayo yana nafasi. Mkataba wa namna hiyo ni karatasi ambayo meneja wa tawi la Sumbawanga anaweza kuisoma na kuikopeshea.

Serikali ni mteja pia. Mwaka 2023 Kampuni ya Huduma za Meli ilitia saini mkataba wa kuikarabati Liemba. Serikali iwalipe wajenzi kwa wakati kwa kila hatua iliyokaguliwa, maana tangu meli hiyo ilipositisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010, mzigo wa mwambao umeegemea boti hizi za mbao.

Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga kupitia Matai ina kilomita 112. Fedha nyingi zimetumika kuufikisha mzigo ufukweni. Tukishindwa kumlipa kwa haki anayejenga chombo cha kuuvusha, gunia la Msanzi litafika Kasanga haraka, kisha likae hapo hapo.